Dirisha Lisilo na Namba

Kosa la kwanza liliwachekesha. Majibu ya damu ya mgonjwa mmoja, badala ya kwenda wodini, yaliingia katikati ya ujumbe ambao Dada Damu alikuwa akimwandikia fundi cherehani wake, na fundi akauliza kwa upole kama hiyo hemoglobini ni aina ya kola.

Hospitali nzima ilimwita Dada Damu kwa sababu ndiye aliyepima damu maabara. Zamani aliyanakili majibu mwenyewe, jina kwa jina, mpaka mdogo wa mumewe, fundi wa kompyuta, alipomtengenezea skripti, programu ndogo ya kompyuta. Mashine ya kupimia ikimaliza, skripti inabonyeza herufi kwenye dirisha la wodi pale kwenye skrini, kama mtu asiyeonekana aliyekalia kibodi.

"Tatizo dogo hilo, shemeji," yule fundi wa kompyuta alisema alipokuja. "Inaandika kwenye dirisha lolote lililo mbele. Ukifungua lingine, inamwaga humohumo. Nitaifundisha iliite dirisha la wodi kwa jina, ilivute mbele, ihakikishe limekuja, ndipo iandike."

"Ifundishe na adabu," Dada Damu akasema.

Ikatulia. Yeye alikuwa na wasiwasi mwingine: binti yake, mtoto wa pekee, alikuwa amelazwa wodi hiyohiyo kwa homa isiyojulikana, na daktari alisubiri vipimo kabla ya kuanza dawa.

Asubuhi moja muuguzi wa wodi akapiga simu. "Dada, majibu ya yule mgonjwa wangu mzee yako wapi?"

"Si nimeshatuma? Skripti inasema tayari."

"Huku hakuna kitu." Sauti ya muuguzi ikashuka. "Na mzee anahangaika. Anasema kuna mtu dirishani anamwita jina lake kamili. Dada, sisi tuko ghorofani."

Haukupita muda akapiga tena, akinong'ona. Mzee alikuwa amegeukia kioo, akasema "Naam," akafumba macho. Hakuyafumbua tena.

Dada Damu alimwita shemeji yake, naye akaja mbio. Nyuma ya dirisha la wodi kwenye skrini walikuta jingine, jina lilelile, rangi ileile, ambalo hakuna aliyelifungua. Ndani yake yalikuwamo majibu ya mzee yaliyopotea, na chini yake maneno ambayo skripti haikuwa nayo: *Ameitika. Nani mwingine?*

Fundi akalifunga. Likarudi. Akalifunga tena, na safari hii chumba kilinuka udongo mbichi, kama shimo lililochimbwa sasa hivi. Mashine ya kupimia ikalia kuashiria imemaliza, na Dada Damu akakumbuka damu ya nani ilikuwa ndani.

"Isimamishe!"

"Nimeisimamisha, shemeji. Tazama mwenyewe."

Lakini vitufe vya kibodi viliendelea kuzama na kuinuka polepole bila kidole chochote juu yake, kimoja kikisubiri kingine kama mtu anayejifunza kuandika, na kwa kila kilichozama herufi moja ya jina la mwanawe ilitokea kwenye lile dirisha la nyuma, na harufu ya udongo ikazidi, na Dada Damu akavikamata vitufe kwa viganja vyote viwili akahisi vinamsukuma kutoka chini, baridi, kwa nguvu zilizozidi zake.

"Majina yanafanana," fundi alinong'ona, jasho likimtoka, akivuta kibodi nyingine. "Lakini kila dirisha likifunguliwa, kompyuta inalipatia namba yake, na hakuna mawili yenye namba moja."

Akaiuliza kompyuta. La wodi likatoa namba. Lile la nyuma halikutoa chochote. Akaiwasha skripti upya, akaiamuru isiite jina tena, ipeleke kila herufi kwa namba ile tu, isipoiona isimame. Jina lilikuwa limefika nusu. Likakatika hapo, na majibu yakamiminika wodini.

Dada Damu alipanda ngazi akikimbia. Binti yake alikuwa ameketi kitandani, anatazama kioo.

"Mama, kuna mtu ananiita. Ameanza jina langu, hajamaliza."

"Umeitika?"

"Nilikuwa namsubiri amalize."

Alimkumbatia akamziba masikio. Dawa zilianza siku hiyohiyo, homa ikashuka, na lile dirisha halikuonekana tena kwenye skrini, ingawa fundi alilitafuta kila siku.

Wakarudi nyumbani. Siku moja, jua likiwaka, Dada Damu alimwita binti yake kutoka jikoni aje kula. Kimya. Akaita tena. Kimya. Akatoka, akamkuta amesimama katikati ya ukumbi, mikono yote miwili mdomoni.

"Mbona naita huitiki?"

Mtoto alimtazama yeye, kisha akatazama pazia.

"Umeniita kutoka jikoni, mama," alinong'ona. "Na umeniita kutoka nje. Nimwitikie yupi?"