Ubao wa Chale

Asubuhi, kabla ya chai, Mama alifagia karakana. Hapakuwa na kitu cha kufagia. Maranda yalikwisha tangu mumewe alipofariki, na vumbi lililobaki lilikuwa vumbi la kawaida, kama la chumba chochote. Hata hivyo alifagia. Alikuwa amekifagia chumba kile kila asubuhi tangu alipoolewa.

Karakana ilikuwa chumba kimoja nyuma ya nyumba. Ilikuwa na mlango, dirisha na kigoda kifupi. Mbele ya kigoda, sakafu ya saruji ilikuwa imelika. Palikuwa na kijishimo laini kama kijiko. Hapo ndipo Baba alipokuwa akiweka kisigino chake.

Baba alikuwa fundi wa pinde. Aliwatengenezea watu wa mchezo wa kulenga shabaha. Hakuwa na mashine. Alikuwa na panga dogo, randa, tupa na kigae cha chupa cha kulainishia mti. Alikuwa akikaa kwenye kigoda, anakanyaga ncha moja ya upinde, anaulaza juu ya goti na kuukunja polepole, macho ameyafumba. Halafu anasema, "Bado." Anaparua kidogo, anakunja tena. Watoto wake walikua wakiisikia "bado" hiyo kama watoto wengine wanavyoisikia redio.

Watoto walikuwa wawili. Wa kwanza aliitwa Nanga, kwa sababu akishaamua jambo hakuna wa kumwondoa. Mdogo wake wa kike aliitwa Tindo, kwa sababu ya ulimi wake mkali kama tindo la kukatia chuma. Majina hayo aliyatoa Baba mwenyewe, na mtaa mzima ukayapokea.

Baba aliacha miti mitatu juu ya boriti. Aliikata mwenyewe, akaibandua magome, akazipaka rangi ncha zake ili zisipasuke, akaiacha ikauke kivulini. Mti wa upinde haukauki kwa haraka. Ukiuharakisha juani, unapasuka. Kwa hiyo miti ile mitatu ilikuwa urithi ambao haungeweza kununuliwa dukani.

Kocha wa timu ya wasichana alikuja kutoa pole. Alisema atangoja upinde mmoja kutoka kwa watoto wa fundi. Ukiwa mzuri, ataendelea nao. Ukiwa mbaya, atatafuta kwingine, na hatamlaumu mtu.

Nanga alichukua mti wa kwanza, akauchonga. Alikaa kwenye kigoda cha Baba, akaweka kisigino ndani ya kijishimo, akafumba macho, akakunja. Mti ulivunjika. Tindo alichukua wa pili, naye akauchonga. Alikaa vilevile, akafumba macho vilevile. Nao ukavunjika.

Mama aliokota vipande akavipeleka jikoni. Aliporudi alisema kwamba fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara amekuwa akikiulizia chumba hiki. Mti wa tatu ukivunjika, atampa. Chumba cha kazi kisicho na kazi, alisema, kinaleta panya tu.

Jirani wa upande wa kulia alikuwa mwalimu mstaafu wa somo la ufundi. Ukuta ulikuwa mwembamba, na ule mlio wa pili aliusikia. Alikuja na miwani yake imening'inia shingoni. Aliomba kuonyeshwa vipande vilivyovunjika. Ilibidi Tindo akavitoe jikoni.

Mwalimu alivipapasa kimoja kimoja, kisha akamwita Nanga apapase pia.

"Unasikia hapa?" aliuliza. "Ni panene. Na hapa ulipokatikia ni pembamba. Ulipokunja, kwenye unene pakagoma, kazi yote ikabebwa na pembamba. Ni kama nyumba ambayo mtu mmoja ndiye anayefanya kazi."

"Nyumba hiyo naijua," alisema Tindo, akimtazama kaka yake.

Mwalimu aliwaambia kosa lao halikuwa la mikono. Upinde ukiwa gotini mwako huwezi kuuona wote. Unauona upande mmoja, huku mwingine unakukimbia. Dawa yake ni kifaa cha kuushika upinde, ili wewe usimame mbali na kuutazama. Kifaa hicho, alisema, kinatengenezwa kwa msumeno, patasi na nyundo, na mbao kuukuu.

Nanga alikataa. Alisema Baba hakuwahi kutumia kifaa. Alitumia goti lake.

"Goti la baba yako lilikuwa kipimo," Mwalimu alimjibu. "Lilichukua miaka mingi kuwa kipimo. La kwako bado ni goti tu."

Nanga alilipapasa goti lake. Alitazama juu kwenye boriti, ambako mti ulikuwa umebaki peke yake. Kisha akaenda kuuleta msumeno.

Walitumia ubavu wa kitanda kilichokufa zamani. Ulikuwa ubao mnene, wa kumfika mtu mabegani. Juu kabisa, Nanga alichonga kwa patasi kikalio cha kuwekea upinde, upana wake sawa na mahali pa kushikia upinde. Mwalimu akamwambia akitandike mpira wa tairi la baiskeli, ili kisiumize mti. Kisha, kutoka kikalio kwenda chini, Tindo aliuchanja ubao kwa msumeno. Chale moja, nafasi ya vidole vitatu, chale nyingine, hadi karibu na chini. Aliuliza kwa nini wasichore kwa penseli tu. Mwalimu alisema penseli hufutika, na kipimo kinachofutika si kipimo.

Chini ya ubao walifunga kapi, kile kigurudumu cha kupitishia kamba. Lilikuwa la kamba ya kuanikia nguo. Ubao wenyewe waliusimamisha ukutani na kuukaza kwa parafujo ndefu zilizoingia kwenye nguzo iliyo ndani ya ukuta. Nanga alitaka kuzipiga kwenye plasta, papo hapo alipokuwa amesimama. Mwalimu alimwambia basi avae kofia ya chuma kabisa.

Ukuta huo, nyuma ya ubao, ulikuwa umepakwa chokaa. Juu yake walichora kwa mkaa mistari iliyolala. Hawakuwa na pimamaji, kwa hiyo walitia maji nusu kwenye chupa nyembamba, wakailaza juu ya ubao mwingine ulionyooka, wakatazama maji yametulia vipi. Mistari hiyo ndiyo ingewaonyesha kama ncha mbili za upinde zinashuka sawasawa.

Tindo aliuchonga mti wa tatu kwa kuukaribisha tu na umbo la upinde. Mgongo, upande utakaoielekea shabaha, hakuugusa. Nyuzi za mti hupita pale, na ukizikata mti huanza kupasukia hapo. Alichonga tumbo tu, upande unaomwelekea mwenye kuvuta. Waliuweka upinde juu ya kikalio, mgongo juu na tumbo chini, wakaufunga kwa ukanda usiruke. Wakautia ugwe, ule uzi wa kuvutia upinde, mrefu na uliolegea, wakafunga kamba katikati ya ugwe, wakaipitisha chini ya kapi hadi upande wa pili wa chumba.

"Mmoja avute, mmoja atazame," alisema Mwalimu. "Na asiwepo mtu chini ya upinde."

Nanga alivuta. Alivuta kwa kishindo, kama anayetoa ndoo kisimani. Mti ulilia. Mwalimu aliinua mkono, na Nanga akaachia kamba. Wote watatu walibaki wakiutazama upinde. Haukuwa umevunjika.

Mama alikuwa mlangoni. Alikuwa ameusikia ule mlio kutoka jikoni. Alijifuta mikono kwenye khanga, akaingia, akaichukua kamba mikononi mwa Nanga. Aliizungusha kiganjani, akarudisha mguu mmoja nyuma, akavuta. Kamba ilikwenda taratibu. Ugwe ulishuka hadi chale ya kwanza, ukasimama. Akaulegeza. Akavuta tena, ukasimama palepale. Hakuna aliyekuwa amemwambia la kufanya.

"Mama," alisema Tindo, "umejifunza wapi?"

Mama hakuiachia kamba.

"Hapa hapa. Kabla hamjazaliwa. Baba yenu alipiga misumari miwili kwenye ule mwimo wa mlango, upinde unakaa juu yake. Mimi navuta, yeye anasimama hapo uliposimama wewe. Alivunja pinde nyingi. Mimi ndiye ninayejua, maana nilizifanya kuni za kupikia."

Nanga alikwenda mlangoni, akapitisha kidole kwenye mwimo. Chini ya rangi palikuwa na matundu mawili, usawa mmoja.

"Mbona hukutuambia?"

"Mlikuwa mnamuuliza marehemu," alisema Mama. "Mimi niko hai, hamkuniuliza."

Kisha akaongeza kwamba siku goti la mumewe lilipojua kazi, aling'oa misumari na hakumwita tena. Alilisema hilo bila kulalamika, kama mtu anayetaja siku mvua ilipokatika. Mwalimu alivaa miwani yake akajifanya anakagua kapi.

Waliendelea. Mama alivuta hadi chale ya kwanza, Tindo akatazama mistari ya mkaa. Upande wa kushoto ulishuka. Wa kulia ulikaza kama mpini wa jembe. Tindo alitia alama ya mkaa palipokaza, wakauteremsha upinde, akapiga tupa hapo tu. Palipolegea hawakupagusa kabisa. Wakaurudisha, Mama akavuta tena na tena, polepole, ili mti uzoee. Pande zote mbili ziliposhuka sawa, ndipo walipokwenda chale inayofuata. Walipoona kasoro hawakuvuta zaidi. Walirekebisha kwanza.

Kazi hiyo haikwisha siku hiyo, wala iliyofuata. Siku kazi ilipokwisha, upinde ulishuka hadi chale ya chini kwa mviringo mmoja, kama ukingo wa sinia. Walibadilisha ugwe mrefu wakaweka wa kipimo chake. Kocha alikuja akauvuta, akarusha mshale wa kwanza, wa pili, na wa tatu. Alisema ni mzito kidogo kuliko pinde za zamani, na kwamba atauchukua hivyo hivyo. Kisha akataka mwingine wa msichana mfupi.

Fundi cherehani alipata chumba kwingine. Nanga alikata miti mipya, akazipaka rangi ncha zake, akaipandisha kivulini. Wakati inakauka, wanatumia mti mkavu alioupata Mwalimu kwa rafiki yake wa zamani. Asubuhi Mama anafagia, na sasa maranda yanajaa ndoo.

Siku moja ilikuwa zamu ya Nanga kutazama. Alisimama mbele ya ubao, mikono nyuma.

"Mama, vuta kidogo."

"Kidogo ni neno la sokoni," alisema Mama. "Sema chale ya ngapi."

"Ya nne."

Mama akavuta.