Nati Kwenye Koo la Gari

Kila Jumamosi Kengele alifua sare yake ya shule, akamwaga maji machafu uani, kisha akaenda kumshikia baba yake spana. Jina hilo la Kengele alipewa na mwalimu wake, kwa sababu akimnong'oneza mtu siri, hata darasa la jirani linaisikia.

Baba yake alikuwa dereva wa mikate. Gari lake lilikuwa kuukuu, la rangi ambayo zamani watu waliiita bluu. Lilimzidi Kengele umri, na kwa kukohoa liliwazidi wazee wote wa mtaa. Likiwashwa alfajiri, majirani hawakuwa na haja ya saa.

Lakini siku hizi kikohozi kilikuwa si cha kuchekesha tena. Kopo la chujio la hewa lilikuwa limeoza kwa kutu, na vumbi liliingia kwenye injini kama mgeni asiyebisha hodi. Ijumaa moja gari lilizima njiani, mikate ikafika madukani watu wameshakunywa chai kavu. Mwenye tanuri hakumfokea Baba. Alimwambia tu kwa upole, "Kesho jioni nina mzigo mkubwa. Gari likizima tena, ndugu yangu, nitatafuta dereva mwingine. Usinichukie."

Upole ule ulimtisha Baba kuliko matusi. Usiku ule hakumaliza chakula chake.

Asubuhi ya Jumamosi alizunguka maduka ya vipuri. Muuzaji mmoja alilitazama kopo lililooza, akacheka mpaka akashika meza. "Mzee, kopo kama hili nitalitoa wapi? Hata aliyelitengeneza ameshastaafu!"

Basi likabidi litengenezwe nyumbani. Fundi mkuu alikuwa Shangazi, dada yake Baba, ambaye kazi yake ni ufundi bomba. Alikuwa na mikono mikubwa na maneno makubwa zaidi. Alileta bomba la plastiki na kipande cha kona. Mama, kabla ya kwenda kazini, alikuwa ametoa sufuria iliyotoboka ubavuni, naye aliitoa shingo upande. Sufuria hiyo ingefunika mdomo wa kabureta. Bomba lingetoka kwenye tundu hilo hadi mbele karibu na taa, ambako hewa ni ya baridi, na kwenye ncha yake lingevishwa chujio jipya la gari la aina nyingine.

"Likivaa hili," Shangazi alisema, "litapumua kwa pua. Litaacha kuhema mdomo wazi kama mtu mwenye mafua."

Boneti ilikuwa wazi. Shangazi akamwonyesha Kengele kabureta, chombo kinachochanganya hewa na petroli. Mdomo wake ulitazama juu, na ungeweza kumeza yai. Shangazi akauziba kwa kitambaa safi.

"Wewe ndiye mlinzi hapa. Sisi tunakwenda nyuma ya nyumba kukata bomba. Kitambaa hiki kisitoke, umenisikia? Kitu kigumu kikiingia humu, injini itakitafuna, na ikishakitafuna haitatafuna tena."

"Itavunjika, Shangazi?"

"Itakuwa chuma chakavu. Tutaiuza kwa kilo. Haya, shika na hii." Akamwekea kiganjani nati ndogo yenye masikio mawili, ambayo ingekaza sufuria. "Usiipoteze."

Kengele akasimama wima kama askari wa benki. Askari huyo hakudumu sana, kwani mara akatokea binti wa jirani, anayeitwa Kijiko kwa sababu hajawahi kuona jambo akaacha kulikoroga.

"Unalinda nini hapo?" Kijiko akauliza.

"Koo la gari."

"Nasikia ukipiga kelele humo, sauti inatokea kwenye bomba la moshi."

"Uongo!"

"Mimi nasema kweli. Labda sauti yako ni ndogo, haitafika."

Kumwambia Kengele kwamba sauti yake ni ndogo ni sawa na kumwambia jogoo hajui kuwika. Kijiko akakimbilia nyuma ya gari, akainama, akatega sikio kwenye bomba la moshi. Kengele akatazama upande wa nyuma ya nyumba. Msumeno ulikuwa unakereza. Akakitoa kitambaa.

"Huuu!" akaita ndani ya kabureta.

"Sijasikia kitu!" Kijiko akajibu. "Ongeza!"

Kengele akaikutanisha mikono yake miwili mdomoni ili sauti isipotee njiani. Alikuwa amesahau kwamba mkono mmoja una kitu.

Nati ikateleza. Ikagonga chuma, tik, ikagonga tena chini zaidi, kisha kukawa kimya.

Kengele hakuita tena. Alichungulia, akaona giza tupu linalonuka petroli. Akaingiza kidole, hakikugusa kitu.

"Vipi?" Kijiko akaja mbio. Alipoona uso wa mwenzake, akaangalia kiganja kitupu, kisha kabureta, kisha lango. "Mimi sikuwepo," akasema. Na kweli, kabla hajamaliza kusema, hakuwepo.

Nyuma ya nyumba msumeno ulinyamaza. Viatu vya Shangazi vikaanza kusikika kwenye kokoto. Kengele akakirudisha kitambaa mahali pake na kukisawazisha vizuri. Kilionekana safi kabisa, kama hakijawahi kuguswa.

"Mlinzi, hujalala?" Shangazi akatania.

Kengele akatikisa kichwa. Baba akanyoosha mkono bila kumtazama. "Nati."

Hapo angeweza kusema. Maneno yalikuwa tayari ulimini. Lakini alimwona Baba anavyofuta jasho, namna anavyotazama jua lilipofika, akauwazia uso ule ukigeuka ukimya. Baba hakuwa mtu wa kupiga. Akikasirika alinyamaza tu, na nyumba nzima ikanyamaza naye, hata vijiko mezani vikaogopa kulia.

"Sijui iko wapi, Baba."

"Hujui vipi? Si ulikuwa umeishika?"

"Labda imeanguka mchangani."

Wote wakainama kutafuta. Kengele naye akainama, akapekua mchanga kutafuta kitu ambacho alijua hakimo. Mwishowe Baba akaliendea kopo lake la misumari, akachomoa nati nyingine isiyo na masikio. "Hii itafaa. Tusipoteze muda."

Kitambaa kikaondolewa. Sufuria ikafunika mdomo, nati ikakazwa, kona ikatiwa gundi, bomba likafungwa kwa klipu. Kila Baba alipozungusha bisibisi, Kengele alihisi kama anayekazwa ni yeye. Sasa lile giza lilikuwa limefunikwa, na ndani yake kulikuwa na kitu ambacho yeye peke yake alikijua.

Boneti ikafungwa. Baba akanawa mikono.

"Baba, hunywi chai kwanza?"

"Nitakunywa nikirudi."

"Baba, tairi la nyuma kama limepungua upepo."

Baba akalipiga teke tairi. Lilikuwa gumu kama jiwe.

"Baba, pengine gundi haijakauka."

"Mtoto huyu leo ana nini?" Shangazi akacheka. "Anataka mikate ioze?"

Baba akafungua mlango, akakaa. Kengele alilijua gari lile kama anavyoijua njia ya shule. Haliwaki mpaka Baba akanyage mafuta kwanza, mara kadhaa, kisha ndipo azungushe ufunguo. Na alijua pia kwa nini, maana Shangazi alikwisha kumweleza: ukikanyaga, kijimlango kilicho chini ya koo la kabureta kinafunguka. Kwa sasa nati ilikuwa imelala juu ya kijimlango hicho. Kikifunguka, itatumbukia ndani kabisa.

Baba akaingiza ufunguo. Guu lake la kulia, lenye kandambili, likainuka kutoka sakafuni.

Kengele akafungua kinywa. Sauti ile iliyokuwa ikipenya kuta za madarasa haikutoka. Guu la Baba likaanza kushuka.

Kengele akajirusha. Aliingia kwa mlango uliokuwa wazi, akaanguka kifudifudi kwenye mapaja ya Baba, akakidaka kifundo cha mguu wake kwa mikono miwili, akaking'ang'ania.

"We mtoto!" Baba akaruka mpaka akagonga kichwa kwenye paa. "Umepatwa na nini?"

"Usikanyage, Baba! Usikanyage!" Sasa sauti ilikuwa imerudi, na machozi nayo. "Nati imo ndani! Nilitoa kitambaa, nikaita, ikaniponyoka. Niliposema sijui, nilidanganya. Imo ndani ya koo!"

Kukawa kimya. Ndicho kimya alichokuwa akikiogopa, na sasa alikuwa katikati yake, bado ameshika mguu wa baba yake.

Polepole, kwa uangalifu mkubwa, Baba akauondoa mguu ule mbali na kikanyagio cha mafuta. Kisha akachomoa ufunguo.

"Fungua boneti," Shangazi akasema, na safari hii hakutania.

Sufuria na bomba lake vikatolewa. Shangazi akamulika kwa tochi, akainama mpaka pua ikakaribia kuzama. "Ninaiona. Imekaa ukingoni. Asiliguse mtu gari hili, hata kuliegemea."

Alileta spika ya redio mbovu, akasugua bisibisi ndefu kwenye sumaku yake, tena na tena, mpaka bisibisi yenyewe ikaweza kunyanyua msumari.

"Njoo, Kengele. Shika tochi. Usitetemeke."

"Natetemeka, Shangazi."

"Basi tetemeka taratibu."

Bisibisi ikashuka. Kengele hakupumua. Nati ikanasa, ikapanda, ikafika karibu na mdomo, ikagusa ukingo na kudondoka. Tik. Baba akafumba macho. Shangazi akamung'unya maneno ambayo hayafai kuandikwa kwenye kitabu cha shule, akashusha bisibisi tena. Safari ya pili aliivuta polepole sana, kama mtu anayemtoa mtoto mwiba, na nati ikatoka na masikio yake yote mawili.

Kengele akaketi chini palepale kwenye kokoto.

Kabla ya kurudisha bomba, Shangazi akapitisha kitambaa ndani yake. Kikatoka kimejaa chenga za plastiki, zile za msumeno. Akakinyoosha mbele ya kaka yake.

"Nilikuuliza kule nyuma kama umelifuta bomba ndani."

Baba akakuna kisogo. "Uliniuliza."

"Ukaniambiaje?"

"Nikakuambia nimelifuta." Akatazama chini. "Sikulifuta. Nilikuwa na haraka."

"Haya! Nami nilikuwa nashangaa mtoto kajifunza wapi."

Baba akacheka, cheko fupi la mtu aliyefumaniwa, na Kengele aliyekuwa akifuta kamasi naye akajikuta anacheka huku analia. Wakalifuta bomba wote watatu, mpaka kitambaa kikatoka safi. Kisha wakafunga upya, na Kengele mwenyewe akakaza nati ya masikio, Baba akiwa amemshikilia mkono.

Baba akarudi kwenye kiti. Akamwita binti yake dirishani.

"Mwanangu, kitu kumponyoka mtu ni ajali. Hata mimi vimeniponyoka vingi. Lakini 'sijui' haikukuponyoka. Hiyo uliitoa mwenyewe, na ndiyo ingeiua injini, maana ilitufanya tufunike kosa badala ya kulitoa. Mimi nami nilifanya vilevile kwa bomba langu. Leo tujifunze pamoja: ukikosea, sema mapema, hata kama unaogopa. Tena hasa kama unaogopa. Wewe uliogopa, na mwishowe ukasema. Kwa hilo nakushukuru."

"Hujakasirika, Baba?"

"Nimekasirika sana. Nitakasirika vizuri nikirudi, sasa hivi mikate inanisubiri." Akauweka mguu juu ya kikanyagio. "Je, kuna kitu kingine humo ndani? Kijiko? Kikombe? Mbuzi wa jirani?"

"Hakuna, Baba."

"Nikanyage?"

Kengele akapumua mpaka chini kabisa ya tumbo.

"Kanyaga, Baba."