Picha ya Paka kwenye Kundi la Wazazi

Kila jioni, kabla ya chakula, Peishan huipiga picha kazi yake ya nyumbani kwa simu ya mama, na kuituma kwenye kundi la wazazi wa darasa lake. Mwalimu huisahihisha humo humo. Jioni ile njaa ilimharakisha. Akagusa picha mbili badala ya moja, akatuma.

Ya kwanza ilikuwa hesabu zake. Ya pili ilikuwa paka aliyejikunja duara kama mwezi mpevu. Ilikuwa kalibu mpya, kibao kilichochongwa cha kutia umbo keki za sikukuu ya mwezi, siri ya kiwanda kidogo anakofanya kazi mama. Pale mjini Lukang, kila duka la keki huficha kalibu yake mpya mpaka siku ya kuuza.

Peishan aliifuta upesi, lakini baadhi ya wazazi walikuwa wameshaiona. Mmoja wao alikuwa baba wa mwanafunzi mwenzake Zhenwei, mwenye duka la keki nyuma ya hekalu.

"Mbona huli, mwanangu?" mama aliuliza.

"Tumbo tu, mama."

Asubuhi, Zhenwei alimngoja mlangoni mwa darasa. "Nyaau! Baba kampenda huyo paka wenu. Leo anakwenda kwa mchonga kalibu."

"Acha utani wako!"

"Haya, utaona mwenyewe."

Siku hiyo Peishan hakusikia neno la mwalimu. Nyumbani walikuwa wawili tu, yeye na mama, na riziki yao ilitoka kiwandani, ambako simu zilikatazwa. Je, mama akifukuzwa? Yeye Peishan akinyamaza, huenda kosa lisijulikane. Lakini paka akionekana katika duka lile, mama angeulizwa jambo asilolijua.

Masomo yalipokwisha, alikimbia hadi kiwandani. Mama alikuwa akikanda unga.

"Mama, usinigombeze kwanza," alisema, kisha akaeleza yote huku akilia.

Mama alibadilika rangi. Akanawa mikono. "Twende kwa Shangazi Kuo. Picha niliipiga mimi."

Shangazi Kuo, mwenye kiwanda, aliwasikiliza bila kupepesa macho. Kisha bosi akawaita wafanyakazi wote.

"Nani mwingine ana picha ya paka kwenye simu yake?"

Mkono mmoja ukainuka, kisha wa pili, mwishowe mikono yote.

"Bosi, oda si unatutumia wewe kwenye simu hizo hizo?" mwokaji keki alinung'unika.

Shangazi Kuo alikitazama kibao cha "Simu Marufuku" ukutani, akacheka, akaking'oa. "Kweli jamani. Nakataza kitu ninachokitumia kutwa nzima! Sasa sikilizeni. Kuchonga kalibu huchukua siku kadhaa. Sisi tunaanza kuuza kesho, anayetaka kuiga atatukuta mbele. Na kila simu itawekewa sehemu ya kazi, yenye nywila yake. Oda na picha za kalibu zikae humo. Picha za watoto wenu ni zenu, sitazigusa."

"Kwa hiyo mama hafukuzwi?" Peishan aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nimfukuze, unga utakanda wewe?" Shangazi Kuo aliinama, akamtazama usoni. "Ungenyamaza mpaka wiki ijayo, tungelia sote. Kosa likisemwa mapema hutengenezeka. Wewe umelisema ingawa uliogopa, na huo ndio ushujaa. Mimi nami nimejifunza: jambo ambalo kila mtu analifanya, usilipige marufuku ukafumba macho. Liwekee utaratibu."