Mafuta ya Asimina

Chupa iliyoibwa ilikuwa bado imesimama kabatini, taa ikiimulika.

"Ndiyo hii," alisema Bwana Kladis, mkurugenzi wa makumbusho, jasho likimtiririka. "Ila siyo yenyewe."

Inspekta Thekla Vardaki alikuwa ametoka mjini bila kunywa kahawa, na asiyemjua angedhani ana ugomvi na dunia nzima. Aliinama atazame. Ilikuwa chupa ndefu ya udongo, nyeupe, ya kuwamiminia wafu mafuta makaburini enzi za kale. Juu yake Kharoni, mvushaji wa wafu, alingoja na mtumbwi wake kwenye matete. Mwanamke aliyekufa alimwendea pole pole, uso ameugeuzia nyuma. Thekla alimkodolea macho mpaka sauti za chumbani zikamwenda mbali, akasikia matete yakisugua ubavu wa mtumbwi.

Alijikung'uta ndoto. "Nani aligundua?"

"Mimi, afande," alijibu Vaso, mfagiaji. "Ya kweli inapukutika. Kila Jumatatu nafuta unga mweupe chini yake. Sasa wiki tatu, pasafi! Nikamwambia bosi, akaniambia nifagie, nisifikiri."

"Sikusema hivyo."

"Ulisema. Na mkono ukanipungia kama kuku."

Kufuli halikuvunjwa, na alama za vidole zilikuwa zimefutwa. Wenye funguo walikuwa watatu: Kladis, Vaso, na Mzee Polidoros, fundi wa kuunga vyombo vilivyovunjika, ambaye alisimama dirishani.

"Mfinyanzi yeyote angeweza kuiiga kwa picha," alisema Kladis. "Tunaziuza mlangoni."

Picha huonyesha nje tu; Thekla aliomba jagi la maji apime ndani, akamimina kwenye chupa ya bandia. Alitarajia imeze jagi zima. Haikumeza hata kikombe kimoja; maji yakafurika, yakamlowesha viatu.

"Imeziba?" aliuliza kwa hasira.

"Haijaziba," alisema Polidoros. "Ndani mna kikombe kidogo, kimening'inia shingoni. Wa kale walifanya hivyo. Chupa inaonekana imejaa, kumbe mafuta ni kiduchu. Waliwapunja wafu wao."

"Kinaonekana kwenye picha?"

"Hapana."

"Nani amewahi kukiona?"

Mzee alitazama mikono yake. "Aliyeunga vipande. Vilikuwa sitini na viwili."

"Sasa kwa nini ukakiweka na kwenye ya bandia, mzee wangu? Nani angejua?"

"Mimi ningejua."

Kladis alitaka kufoka, Thekla akamnyamazisha kwa kidole. "Ya kweli iko wapi?"

"Kwa Asimina."

Makaburi yalikuwa juu ya mashamba ya mizeituni, na adhuhuri ile hata ndege walikuwa wamelala. Kwenye kaburi la Asimina, mke wa Polidoros, palikuwa na kisanduku cha kioo kama makaburi mengine yote: picha ya marehemu, taa ndogo ya mafuta, chupa ya mafuta ya kuiongezea. Na katikati, chupa nyeupe ya miaka elfu mbili na mia nne. Watu walikuwa wakipita wakifanya ishara ya msalaba.

"Siku aliyofariki alinipigia simu," alisema Polidoros. "Nikamwambia, nimebakiza kipande kimoja, nakuja. Kipande chenyewe kilikuwa uso wa huyu anayetazama nyuma. Nilipofika walikuwa wameshamfumba macho."

"Ndiyo ukaiba?"

"Miaka arobaini nilimpa muda kiduchu, afande, naye akafanya kama umejaa. Nilitaka chupa ile iwe yake. Iliniibia mimi kwanza."

Thekla alimhurumia, na akajichukia kwa pingu zilizokuwa mfukoni. Kisheria kielelezo hakiguswi tena.

"Naomba nimmiminie mara moja," alisema mzee.

Akamruhusu. Polidoros aliiinamisha chupa nyeupe juu ya udongo. Matone machache tu, yakakatika.

"Umeona? Yamekwisha."

Thekla alivaa glavu, akaichukua chupa mikononi mwake taratibu. Kisha akatoa ile nyingine kisandukuni, ya plastiki, iliyojaa mpaka shingoni, akampa.

"Mimina hiyo," alisema. "Yote."

Mafuta yalichukua muda mrefu kuisha. Hakumharakisha.