Mkamwana Asiyesema

"Sema hapana, Döndü! Neno moja tu!" Veli alinong'ona nyuma ya ukuta wa zizi.

"Nimwambie nani? Tangu niolewe sijawahi kumsemesha baba mkwe. Mkamwana wa hapa hafungui mdomo mbele yake mpaka yeye mwenyewe amfungue ulimi kwa zawadi. Hürü, mkamwana mwenzangu, alifunguliwa alipozaa. Mimi nimezaa nini?"

"Basi tutoroke."

"Halafu mama yangu atapita wapi kijijini? Nenda, Veli. Kesho naozeshwa Jafer."

Veli, fundi wa majoho ya sufu ya wachungaji, aliondoka ameinamisha kichwa. Döndü alibaki na ndoo yake ya maziwa, moyo ukimuuma.

Mumewe, Isa, alichukuliwa na jeshi la Sultani akafia Yemen. Hata msiba huo Döndü aliulilia kimya, maana baba mkwe alikuwa ndani. Eda ilipokwisha, Mzee Duran akaamua: mjane wa mwanawe hatoki, atarithiwa na Jafer, mdogo wa marehemu. Na Jafer alikuwa na mke tayari.

Mke huyo, Hürü, alikuwa jikoni akiukanda unga kwa hasira.

"Unalia nini wewe? Mimi ndiye naletewa mke mwenza!"

"Simtaki mumeo, Hürü."

"Najua, mdogo wangu. Hata mimi siku nyingine simtaki."

Wakacheka kidogo, kisha wakanyamaza. Mzee alikuwa amekohoa sebuleni.

Kesho yake asubuhi imamu alifika na mashahidi. Döndü aliketi pembeni, amejifunika shela.

"Binti, umekubali kuolewa na Jafer?"

Kimya.

"Amekubali," Mzee Duran alisema. "Kimya chake ndiyo idhini."

"Hiyo ni kwa mwanamwali, Mzee Duran. Mjane lazima atamke mwenyewe."

"Mkamwana wangu hasemi mbele yangu!"

"Basi wewe toka nje kidogo."

"Nitolewe nyumbani kwangu? Thubutu!"

Kiburi kikampanda. Akafungua kasha, akatoa mkanda wa fedha wa marehemu mkewe, akauweka mapajani mwa Döndü.

"Nimekufungua ulimi, mwanangu. Haya, sema tumalize."

Döndü aliushika mkanda kwa mikono miwili.

"Sikubali, baba."

Jafer aliruka kama aliyekalia kaa la moto. Nyuma ya mlango, Hürü alipaliwa na kicheko.

"Unasemaje?" Mzee Duran aliuliza.

"Sikubali. Jafer ni ndugu yangu. Namtaka Veli, kwa ndoa ya halali."

Mzee akainua fimbo. "Nani kakufundisha maneno haya?"

"Hakuna, baba. Nilikuwa nayo siku zote. Hukuwahi kuniuliza."

Fimbo ikabaki hewani, kisha ikashuka taratibu.

"Isa aliwahi kuniambia una sauti nzuri," Mzee alisema. "Nilimcheka. Nikamwambia mwanamume hasifii sauti ya mkewe mbele ya baba yake."

Kusikia jina hilo, Döndü alishindwa kujizuia. Aliangua kilio cha nguvu, akimwita Isa, Isa wangu, mbele ya imamu, mbele ya mashahidi, mbele ya kila mtu.

Jafer akainuka kumnyamazisha.

"Mwache!" Mzee Duran alifoka, machozi yakimlowesha ndevu. "Lia, mwanangu. Lia utulilie sote. Ukimaliza, nitakwenda kumwita huyo Veli mimi mwenyewe."