Kifaru Kilichoshushwa Mezani

Kila siku akitoka shule, Gundi alivua sare, akala chakula chake harakaharaka, kisha akajiingiza uvunguni mwa kitanda kutoa boksi lake. Jina hilo alipewa na wenzake wa darasa la sita kwa kuwa vidole vyake havikukosa gundi hata siku moja. Alama za gundi zilikuwa kwenye daftari la hesabu, kwenye kola ya sare, na siku moja hata kwenye mkate wa jirani yake wa dawati. Mwenyewe hakujali. Mtu anayejenga vifaru vya vita kwa maboksi matupu atapata wapi muda wa kusugua vidole?

Tena hakujenga vifaru vya kubahatisha. Mbele ya makumbusho ya mji kulikuwa na kifaru kimoja cha zamani, kibovu, kimeachiwa njiwa. Gundi alikwenda huko Jumamosi tatu mfululizo, na futi ya mama yake ya kushonea nguo mkononi, akakipima urefu, upana, mpaka magurudumu. Mlinzi alimwuliza kama anataka kukishonea suruali. Vipimo vyote alivigawa kwa thelathini na tano. Hivyo kifaru cha mita saba kikawa cha sentimita ishirini, na gurudumu likawa kama kifungo cha koti.

Magurudumu aliyakata kwenye soli ya kandambili zilizochakaa. Minyororo aliipata kwa kubandua karatasi ya juu ya boksi mpaka mawimbi ya ndani yakaonekana. Vichwa vya misumari vilikuwa matone ya gundi, aliyoyadondosha moja moja kwa ncha ya pini, mia mbili na kumi na mawili. Rangi ya kijani alipewa na mjomba wake, fundi wa kupaka rangi magari, ambaye gereji yake ilikuwa nyuma ya nyumba yao. Kazi hiyo ilimchukua wiki tisa.

Kisha yakaja maonyesho ya kazi za mikono shuleni. Kazi tatu bora zingepelekwa kwenye maonyesho ya shule zote za mji, na Gundi hakutaka kitu kingine duniani. Kila mwanafunzi alijaza kadi iliyoandikwa, "Kazi hii nimeitengeneza mwenyewe bila kusaidiwa," akatia sahihi ili iwekwe kando ya kazi yake. Siku ya Alhamisi walipanga kazi zao ukumbini, maana wazazi wangefika kesho yake saa nne asubuhi. Gundi alikiweka kifaru chake katikati ya meza, akasogea nyuma kukitazama. Moyo wake ulijaa.

Hapo ndipo alipopita Redio. Huyu alikuwa mvulana wa darasa lake, na aliitwa hivyo kwa sababu mdomo wake haukuwa na swichi ya kuzimia.

"Mwalimu, mjomba wake si fundi rangi?" alisema kwa sauti iliyosikika ukumbi mzima. "Hiki kimetoka gereji. Mtoto gani anaweza kupaka rangi namna hii?"

Mwalimu wa Sanaa alikuwa na meza kumi na sita za kukagua na kichwa kinamwuma. Alikiinua kifaru, akakigeuza huku na huku, akakunja uso. "Mwaka jana kuna mzazi alimjengea mwanawe nyumba nzima ya mbao, nikaaibika mbele ya watu. Mwaka huu hanipati mtu."

"Mwalimu, nimekitengeneza mimi," alisema Gundi.

"Nenda darasani, binti. Tutazungumza baadaye."

Akakishusha kifaru, akakisukuma chini ya meza, penye mifagio na ndoo. Na hayo mazungumzo ya baadaye hayakuwepo. Hebu niambie, ni haki gani hiyo? Wiki tisa za kuinamisha shingo, matone mia mbili na kumi na mawili, halafu kazi yako ikalazwe na mifagio kwa neno la mtu mmoja mwenye mdomo! Hakuulizwa hata swali moja. Darasani kila mtu alimgeukia, wengine wakacheka pembeni, na yule aliyekaa nyuma yake akamwuliza kwa kunong'ona gereji yao inatoza kiasi gani kwa kifaru kimoja. Gundi alikaa amefura, machozi yamemjaa, lakini akayazuia yasidondoke.

Alipofika nyumbani alipita moja kwa moja hadi gereji. Mjomba alikuwa akisugua mlango wa gari kwa msasa.

"Mjomba, wameniita mwongo."

Akamweleza yote. Mjomba alisikiliza huku akisugua, na kadiri alivyosikiliza ndivyo mkono ulivyozidi kasi, mpaka vumbi likamfika kwenye nyusi.

"Yaani hawakukuuliza?"

"Hata neno moja."

"Wiki tisa nakuona na makasi yako hapo mlangoni, unanizuilia njia, leo mtu aseme nimekutengenezea mimi? Kesho asubuhi twende wote. Nitakwenda kumwambia huyo mwalimu wako..." Ghafla msasa ukasimama. "Hiyo kadi mliyojaza, imeandikwa nini hasa?"

"Kwamba nimetengeneza mwenyewe. Bila kusaidiwa."

"Na mzinga je?"

Gundi akatazama sakafu. Mzinga, ule mtutu mrefu wa mbele, aliujaribu mara tatu kwa karatasi iliyoviringishwa kwenye spoki, na mara zote tatu ulipinda. Siku moja alirudi kutoka shule akakuta mjomba amemkatia kipande cha antena ya redio mbovu, amekichomeka, kimenyooka vizuri kabisa.

"Lakini ni mzinga tu, mjomba. Kitu kimoja."

"Sijauliza ni vingapi, mpwa wangu. Nimeuliza ni wa nani." Mjomba aliupuliza msasa vumbi likatoka. "Nilikosea mimi kukuwekea bila wewe kuniomba, hilo nakubali. Kesho nitakusindikiza, na nikiulizwa nitasema. Lakini ile sahihi ni yako."

Gundi aligeuka akaondoka. Sasa alimkasirikia na mjomba pia. Kwa nini aonewe yeye, halafu yeye huyohuyo ndiye atafutwe makosa?

Asubuhi walimkuta Mwalimu wa Sanaa ukumbini akibandika majina mezani. Redio na wavulana wengine wawili walikuwa wakipanga viti.

"Shikamoo, mwalimu," alisema Gundi.

"Marahaba. Naona umekuja na mjomba wako."

"Nimekuja nisikilize," alisema mjomba. "Mwulize mwenyewe juu ya kazi yake, mwalimu. Jana hukumwuliza."

Mwalimu aliinama, akakitoa kifaru kule kwenye mifagio, akakifuta kwa kiganja. "Haya, nieleze."

Gundi alishika kile kichwa cha juu kinachozunguka, akakisokota, akakichomoa. Ndani palikuwa na shimo baya, lenye kingo zilizoliwaliwa na kubandikwa karatasi.

"Hiki kichwa nilikichonga kwa ile plastiki nyeupe nyepesi inayofungiwa televisheni," alisema. "Nikakipaka rangi ya gari. Mwalimu, rangi ikaanza kukila. Kilitoa mapovu, kikabonyea, nusu nzima ikaisha huku naiona. Nililia sana siku ile. Baadaye nikaziba kwa karatasi na gundi, tabaka nne, ndipo nikapaka tena."

Mjomba alicheka mpaka akashika kiuno. "Hili hukuniambia," alisema. "Mwalimu, mimi napaka magari mwaka wa kumi na nane huu. Rangi yetu inayeyusha plastiki ya namna hiyo, hata anayetufagilia gereji analijua hilo. Fundi hawezi kukosea hivi, labda awe usingizini."

Mwalimu aliingiza kidole ndani ya lile shimo, akapapasa karatasi zilizobandikwa ovyoovyo. Akakirudisha kifaru katikati ya meza.

"Nilikuhukumu bila kukuuliza," alisema. "Nisamehe, binti. Kazi ni yako."

Basi, Gundi ameshinda. Redio alikuwa ameinamia viti kana kwamba hajawahi kuviona. Hakuna aliyetaja mzinga, na mjomba alikuwa anatazama nje dirishani. Gundi angeweza kushukuru na kwenda zake darasani. Akisema sasa, Redio atapata la kutangaza mwezi mzima. Lakini jana kutwa kilichomuuma ni kuitwa mwongo, na kadi ile pale mezani, yenye sahihi yake, ilikuwa na uongo. Ulikuwa mdogo, lakini wake. Akaukamata mzinga, akauvuta kwa nguvu, gundi iliyokauka ikakatika.

"Huu si wangu, mwalimu. Mjomba ndiye aliyeukata. Wa kwangu ulipinda mara tatu."

"Si nilisema?" Redio akadakia.

"Wewe ulisema kimetoka gereji chote," mwalimu akamkata. "Umeona mtu akisema asichokijua inavyokuwa? Endelea na viti." Akamgeukia Gundi. "Kifaru hakiwezi kukaa hapa na mzinga wa mtu mwingine. Sasa ni saa mbili na nusu. Utafanyaje?"

"Naomba karatasi ya daftari, gundi, na spoki ya baiskeli."

Redio ndiye aliyekwenda kutafuta spoki, bila kutumwa. Gundi alikaa chini, akaviringisha karatasi juu yake, akipaka gundi kila mzunguko, akaiweka dirishani penye jua. Mjomba vidole vilimwasha, akavitia mifukoni. Safari hii Gundi hakuichomoa spoki mpaka karatasi ilipokauka kabisa. Mzinga ulipinda kidogo tu kwenye ncha. Rangi haikuwepo, kwa hiyo ulibaki mweupe wenye mistari ya daftari.

Wazazi waliokuja waliuliza habari za mzinga huo, na Gundi akawajibu bila kuficha. Kifaru chake kilichaguliwa cha tatu.

Kabla watu hawajatawanyika, Mwalimu wa Sanaa alisimama mbele ya wanafunzi wote.

"Jana nilimshushia mwenzenu kazi yake kwa maneno ya kusikia," alisema. "Nilimwonea, na nimemwomba radhi. Mtu akiwaonea, kasirikeni na mseme, hiyo ni haki yenu. Lakini mwenzenu leo alikuwa amekwisha kushinda, na hakuna aliyekuwa akimdai neno. Hata hivyo alitoa kwa mkono wake kile kisichokuwa chake. Anayedai haki na afanye hivyo kwanza. Mimi ni mwalimu wa miaka mingi, na leo nimefundishwa."