Kichupa Namba Kumi na Saba

Saa mbili na robo asubuhi, Jumatano, muuguzi Wilkista alifungua kabati lisilo na kufuli la zahanati yao nje kidogo ya Sotik. Vichupa vinne. Jana jioni aliacha vitano.

Kilichokosekana ni namba 17: kipande cha ngozi ambacho daktari alikikata kutoka sehemu za siri za Nyamoita, mchuma chai. Vipele vyake vyeusi vilifanana na vya kawaida, lakini macho hayatoshi; maabara ndiyo ingesema kama virusi vinavyoleta vipele hivyo, vya kuambukizana kitandani, vimeanza kuigeuza ngozi kuelekea saratani. Gari la sampuli lingepita saa sita.

Alianza na Jackton, mfagizi, aliyefungua chumba saa moja. Jackton akamjibu kwamba yeye huchoma taka zote pamoja, hachagui kama mtu anayenunua nyanya. Kweli; taka zingebeba vyote vitano.

Akampigia Gekara, mume wa Nyamoita, ambaye jana alizozana dirishani akitaka kujua mkewe anaficha nini. Gekara alikiri kelele, si wizi. Tena vichupa havina majina. Namba ya mgonjwa iko kwenye kadi yake tu.

Kadi ilikuwa wapi? Nyamoita, kwa simu akiwa shambani, alisema kadi za boma zima hutunzwa na mama mkwe wake, zikiwa zimefungwa pembeni mwa leso.

Wilkista akageuka. Nyakerario, mama mkwe huyo, alikuwa ameketi chumbani humo tangu saa moja, akingoja kupimwa presha huku akipangusa macho.

"Mama, macho yana nini?"

"Moshi wa jikoni, sista."

"Moshi haunuki dawa ya kuhifadhi sampuli. Kifuniko cha kichupa hukukikaza."

Nyakerario akafungua leso taratibu, akatoa kichupa. Dawa ilikuwa imepungua, lakini kipande bado kimezama.

"Gekara akisoma hiyo karatasi ya majibu atamfukuza. Mke wa kwanza alimfukuza kwa neno dogo kuliko hilo. Huyu ndiye ananipikia uji."

"Gekara hasomi kitu. Majibu ni ya Nyamoita. Na virusi hivi hukaa kimya miaka mingi. Karatasi haisemi nani alivileta. Inasema tutibu sasa, au tungoje saratani."

Nyakerario akasukuma kichupa mezani. "Basi kaza wewe. Mikono yangu imechoka."

Saa sita gari likakibeba.

Wiki tatu baadaye majibu yalifika: ngozi imeanza kugeuka, bado si saratani, inatibika. Nyakerario mwenyewe alimleta mkamwana wake. Mlangoni akafungua fundo la leso, akatoa kadi moja, akamwekea Nyamoita mkononi.

"Hii," akasema, "tunza mwenyewe."